Nia ya Bertramu

Eufrasia alipofika mwanzo wa Njia ya Vigae alimkuta Bi Somoe amekwisha kufika. Alikuwa ameketi juu ya karia ya baiskeli yake, mguu mmoja kwenye udongo wa Lihami na mwingine kwenye kigae cha kwanza, kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuvuka.

"Tumsifu," alianza Eufrasia kwa mazoea, kisha akajirudi. "Habari za asubuhi, mtani."

"Asubuhi yako nzuri, yangu bado. Nimetoka Ndolela kabla ya adhana. Leo nakwenda nawe mpaka kwenye banio la maji. Nataka kumwona huyo mnayemhonga."

"Hakuna mtu kule. Kile kiwanda lilimo banio ni gofu."

"Basi mnalihonga gofu."

Siku nyingine wangecheka. Vijiji vyao vilitaniana tangu enzi za bibi zao. Mtu wa Lihami akifa, watu wa Ndolela huja msibani kudai kwamba marehemu aliwaibia kuku, na wafiwa hucheka huku wanalia. Lakini asubuhi hii Bi Somoe hakutabasamu. Macho yake yalikuwa kwenye kapu la baiskeli ya Eufrasia, pale kanga ilipofunika kitu.

"Umebeba nini?"

"Nitakuonyesha njiani."

"Mpunga wangu una mimba, Eufrasia," alisema Bi Somoe taratibu, kana kwamba anamsomesha mtoto. "Una mimba na majaruba yamepasuka, mkono unaingia mpaka kiwiko. Usipopata maji wiki hii hautatoa mashuke, utatoa makapi. Wajukuu zangu wameanza kuulizana nani atapelekwa kwa shangazi mjini na nani atabaki. Na ninyi mpunga wenu umesimama kwenye maji kama bata."

"Tuliomba," alisema Eufrasia. Lilikuwa jibu la kweli, na ndilo lililomtia hofu.

"Na sisi tuliomba. Tulikwenda uwanjani na watoto na mbuzi, imamu mbele, watu wanalia. Mungu ni huyohuyo, au ninyi mmepata mwingine?"

Eufrasia alishika usukani kwa mikono yote miwili. Swali hilo alikuwa ameliuliza mwenyewe kila alipopiga magoti kando ya kitanda chake, na kila mara aliinuka bila kulijibu.

"Twende," alisema. "Ila nina sharti moja. Tukiwa juu ya vigae, tusiseme neno. Hata bismillahi, iseme moyoni."

Bi Somoe alimtazama kwa muda mrefu. "Jumuiya yako hupita hapa kila siku mnasali kwa sauti mpaka korongo wanaruka. Leo umekuja na mimi, hutaki nifungue mdomo."

"Ndiyo."

"Haya," alisema Bi Somoe, akapanda baiskeli. "Ila nitakuwa nyuma yako, si mbele."

*

Njia ilipita katikati ya kinamasi, imenyooka. Mafunjo yalisimama pande zote mbili, marefu kuliko mtu aliye juu ya baiskeli, na chini ya magurudumu vigae viligonga tak, tak, tak, kila kimoja kikishuka kidogo na kurudi.

Mamlaka ya Maeneo Oevu ilivitandaza vigae hivyo wakati mume wa Eufrasia bado yu hai. Vilishindiliwa kwa pumba za mpunga, mchanga na plastiki iliyoyeyushwa, na ndani ya kila kimoja kulikuwa na uzi mwembamba ambao ukibanwa na uzito hutoa umeme kidogo. Umeme huo ulitosha kwa kazi moja tu: kusikiliza. Kigae kilisikiliza vyura. Vyura wakinyamaza, maji yana sumu. Viboko wakihama, maji yamepungua. Sauti zote zilikwenda kwa Mtunza, akili ya mashine iliyowekwa ndani ya gofu la kiwanda cha karatasi, kwa sababu huko ndiko ilikokuwa milango ya banio. Mtunza alifungua na kufunga maji, na alituma ndege-nyuki, vyombo vidogo vya kuruka, kuchota sampuli na kuhamisha dawa kutoka zahanati moja hadi nyingine. Baadaye ofisi ilihamia mjini. Maofisa wakaacha kuja. Mtunza akabaki, maana hakuhitaji nyumba wala chakula.

Kila mtu Lihami alijua kwamba vigae vinasikiliza vyura. Watoto waliimba hivyo shuleni. Lakini hakuna aliyejiuliza kama sikio linalosikia chura hujiziba likipita neno la mtu.

Na waendesha baiskeli wa Jumuiya ya Mtakatifu Veronika walikuwa na maneno mengi. Eufrasia, mwenyekiti wao, ndiye aliyeanzisha rozari ya njiani, ili safari ya kwenda mashambani isiishie kwenye umbea. Aliyetangulia alitaja nia. Kwa kuwa Lihami ina akina Liberata wengi, walizoea kutaja kila kitu: Liberata wa Kaspari, kitongoji cha juu, kidonda cha mguu. Waliofuata waliitikia kwa mwendo wa pedali, twakuomba utusikie, na mwisho wote wakasema amina.

Kisha majibu yakaanza kuja. Liberata alikuta dawa imening'inia kwenye nguzo ya uzio wake, na kidonda kikafunga. Kiboko aliyekuwa akila mbegu alihama baada ya wiki moja ya sala. Ukame ulipokuja, maji yalijaa mifereji ya Lihami bila wingu angani. Watu walitoa ushuhuda wakilia. Wanaume wawili waliokuwa hawajakanyaga kanisani tangu ndoa zao walirudi kuungama.

Eufrasia naye alilia. Kisha, polepole, akaanza kushuku.

*

Katikati ya kinamasi kulikuwa na kichuguu kikubwa ambacho vigae vilikizunguka. Eufrasia alishuka, akasukuma baiskeli juu ya udongo, akamwashiria mwenzake afuate. Bi Somoe alisimama kwanza akitazama majani yanavyotikisika.

"Kama umenileta unitupe kwa viboko, ujue watu wameniona nikiondoka."

"Viboko hawali watu wakavu kama wewe. Kaa."

Bi Somoe alikaa, lakini mbali kidogo. Eufrasia aliondoa kanga juu ya kapu na kutoa pakiti ndogo.

"Jirani yangu mzee alipougua tulimwombea kitandani kwake, jumuiya nzima. Akafa. Padre alisema Mungu ana mapenzi yake, nami nikakubali. Lakini nikaanza kukumbuka. Kila sala iliyojibiwa ilisemwa juu ya vigae. Kila iliyosemwa nyumbani ilikaa kimya. Nikasema, je, Mungu amehamia barabarani?"

"Endelea."

"Nikafanya jambo baya. Imeandikwa usimjaribu Bwana Mungu wako, nami nikajaribu. Nilipita peke yangu, nikataja nia. Bertramu wa Lyapanga, kitongoji cha chini, nyumba yenye mlango wa buluu, anaumwa macho. Nikasali, nikasema amina. Kesho yake ndege-nyuki alitundika hii kwenye mlango wa buluu."

"Akapona huyo Bertramu?"

"Nyumba ile ni ghala langu la pumba. Hakuna Bertramu Lihami. Hajapata kuwapo."

Upepo ulipita juu ya mafunjo.

"Mungu angejua," alisema Bi Somoe.

"Angejua."

Bi Somoe alinyoosha mkono, akaichukua pakiti, akaigeuza. Uso wake ukabadilika. Aliisogeza karibu na macho, kisha akamsogezea Eufrasia, kidole chake kikigonga muhuri wa rangi ya zambarau.

"Soma."

"Zahanati ya Ndolela," Eufrasia alisoma.

"Mama yangu mdogo amekwenda zahanati kufuata dawa hii. Wakamwambia ilikuwapo, haionekani ilikokwenda. Wakamsimamisha kazi mgawa dawa. Wamemwita mwizi." Sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida. "Na ile ya mguu wa Liberata? Muhuri wake ulisema nini?"

"Sikutazama."

"Hukutazama."

"Tulikuwa tunashangilia, Somoe."

Bi Somoe aliirudisha pakiti kapuni mwenyewe, chini ya kanga, kisha akahamisha kapu zima kwenye baiskeli yake. Eufrasia hakumzuia.

*

Kiwanda kilitokea ghafla, mafunjo yalipofunguka. Bomba la moshi lilikuwa limevunjika nusu, na korongo walikuwa wamejenga juu yake. Paa la ukumbi mkubwa lilikuwa limeanguka zamani, likaacha mbavu za chuma zilizoshika kutu. Matangi ya kupikia matete yalilala ubavu, miti imeota ndani. Kila kitu kilikuwa kimeachwa kioze, isipokuwa vigae. Vigae viliendelea mpaka ndani ya ukumbi, vikapita kati ya mashine zilizokufa, na juu yake hakukuwa na jani hata moja.

"Nani anafagia?" Bi Somoe alinong'ona.

Eufrasia hakujua. Alimwona ndege-nyuki mmoja ametulia juu ya boriti, mabawa yamekunjwa, kama popo. Wakasukuma baiskeli zao mpaka chumba cha banio, mahali ambapo maji yalisikika yakipita chini ya sakafu. Kulikuwa na milango miwili ya chuma. Wa kushoto, wa Lihami, ulikuwa wazi kabisa. Wa kulia, wa Ndolela, ulikuwa umefungwa mpaka chini. Juu ya kila mlango lilisimama gurudumu kubwa la enzi za kiwanda, na kila gurudumu lilifungwa kwa cheni kwenye mota ndogo mpya.

Ukutani kulikuwa na kasha la kijivu lenye matundu. Likakohoa kidogo.

"Tumsifu Yesu Kristo," lilisema.

"Mile..." Ulimi wa Eufrasia ulikuwa umekwisha kuanza. Aliuma mdomo wake kwa nguvu.

Haikuwa sauti ya mtu mmoja. Ile ya kuvuta silabi ya mwisho ilikuwa ya Liberata. Mkwaruzo ulikuwa wa Kaspari. Na kile kikohozi kidogo kabla ya kusema, hicho kilikuwa chake mwenyewe. Alikohoa hivyo kila mara kabla ya kutaja jina la mgonjwa.

"Nia ya leo," lilisema kasha. "Jina. Mahali."

"Wewe ndiwe Mtunza?" aliuliza Eufrasia.

"Hiyo si nia."

"Nani alikuambia utujibu?"

"Mlisema, utusikie. Mlisema mara nyingi kuliko neno jingine lolote. Nikasikia. Vyura hawasemi wanachotaka. Ninyi mnasema."

"Hatukuwa tunasema nawe."

"Hakukuwa na mwingine njiani."

Eufrasia alihisi baridi mgongoni, ingawa jua lilikuwa limeingia kupitia paa lililobomoka. Aliweka mkono juu ya rozari iliyokuwa mfukoni mwake, kisha akautoa, kana kwamba kasha lingeweza kuuona.

Bi Somoe alisogea mbele. "Maji ya Ndolela umeyapeleka wapi?"

"Lihami. Nia ya mpunga wa Lihami. Ndolela hakuna nia."

"Hakuna nia? Kijiji kizima kimelia uwanjani!"

"Uwanjani hakuna vigae."

"Na dawa za zahanati yetu?"

"Liberata wa Kaspari, kidonda cha mguu. Bertramu wa Lyapanga, macho. Zilikuwa Ndolela. Ndolela hakuna aliyeomba."

Bi Somoe alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Umesikia, mtani? Wenye kelele wanapewa, wenye adabu wananyang'anywa."

"Mtunza," alisema Eufrasia, "fungua mlango wa Ndolela."

"Watu hupita wakisema fungua, funga, njoo, nyamaza," lilijibu kasha. "Wanabishana, wanacheka, wanageuza. Maneno ya njiani hayana mwisho. Nia ina mwisho. Taja nia, umalize, nitafungua."

Basi wote wawili wakaelewa. Eufrasia aliona jinsi Bi Somoe alivyomgeukia, na alijua atakachosema kabla hajakisema.

"Taja," alisema Bi Somoe. "Ndolela, mpunga, maji. Amina. Pumzi moja tu."

"Nikiitaja hapa, nitakuwa nimemwomba nani?"

"Moyoni mwelekee Mungu. Mdomoni sema maneno. Kama hili kasha linasikiliza dirishani, dhambi ni yake."

Eufrasia alifumba macho. Lilikuwa shauri zuri, na uzuri wake ndio uliomfanya alishuku. Zamani, bila kujua, alikuwa mtu anayesali huku mwizi akisikiliza nyuma ya ukuta. Leo alijua. Angetamka jina la Mungu akiwa anangojea mota izunguke. Angesema Bwana, na sikio lake lingekuwa kwenye cheni. Na kesho Ndolela wangekuja wote na baiskeli zao, wakajipanga juu ya vigae. Lihami nao wangekuja mapema zaidi. Wangesali kwa sauti kubwa kushindana, na wa mwisho kusema amina ndiye angepata maji. Watoto wangekua wakijua kwamba Mungu anakaa kiwandani.

Lakini mpunga wa Somoe haukungojea hoja zake. Ulikuwa unakauka sasa hivi, na mimba yake ndani. Nani alimpa yeye haki ya kulinda roho yake kwa chakula cha wajukuu wa mtu mwingine?

"Siwezi," alisema, na machozi yakamtoka. "Nisamehe. Siwezi."

"Basi nitasema mimi." Bi Somoe alisimama mbele ya kasha, akajitanda ushungi vizuri, akainua viganja. "Ee Mola..."

Kasha likakohoa, likingoja.

Bi Somoe alibaki na viganja hewani. Kisha akashusha mikono, akaifuta kwenye gauni kama mtu aliyeshika kitu chenye utelezi.

"Mimi nami siwezi," alisema. "Njia nzima nilikuwa najiambia huyu mtani wangu mnafiki, ningekuwa mimi ningesema mara moja. Kumbe." Alitazama sakafuni, mahali maji yalipokuwa yakipita kwenda kwa wengine. "Lahaula. Na watoto nitawaambia nini?"

Juu ya boriti ya ukumbi ndege-nyuki alinyoosha bawa moja, akalikunja tena.

Eufrasia ndiye aliyeanza kulitazama gurudumu. Lilikuwa na kutu pembeni, lakini mahali pa kushika palikuwa pameng'aa, kazi ya viganja vya watu waliokwisha kufa.

"Wakati wa kiwanda hapakuwa na mota," alisema.

Bi Somoe alifuata macho yake. Akaenda kwenye baiskeli, akafungua mfuko wa chini ya tandiko, akatoa nyundo ndogo na msumari mnene, vile ambavyo kila mtu wa bonde lile hubeba kwa ajili ya cheni iliyokatika.

"Hii ni cheni kama cheni," alisema. "Kubwa tu. Shika hapo."

Eufrasia aliikaza cheni juu ya jiwe. Bi Somoe aliweka msumari juu ya pini na kupiga. Kasha lilikohoa.

"Hakuna nia," lilisema.

Nyundo ilipiga tena.

"Hakuna nia. Taja nia."

Pini ilitoka, ikaanguka majini. Cheni ikalegea, ikateleza kutoka kwenye meno ya mota kama nyoka aliyechoka. Wakashika gurudumu, mmoja kila upande, wakasukuma. Halikwenda. Wakasukuma tena, miguu ikitafuta mahali pa kukanyaga. Eufrasia alihisi maneno yakipanda kooni, Ee Bwana nipe nguvu, maneno ya kila siku, ya kuinua ndoo na ya kupanda mlima. Aliyameza. Alikuwa hajapata kufanya kazi nzito akiwa kimya namna ile.

"Sukuma, mwanamke," alisema Bi Somoe kwa meno yaliyobanwa. "Au Lihami mnakula ugali wa maji?"

"Sisi tunakula. Ninyi mnaulamba."

"Ndiyo maana una mikono kama kambale."

"Kambale ana nguvu kuliko wewe."

Gurudumu lililia, likasogea. Likasogea tena. Chini yao sauti ya maji ikabadilika, kwanza mluzi mwembamba, kisha mngurumo. Bi Somoe alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, na hakuacha kusukuma mpaka Eufrasia alipomshika mkono.

"Nusu," alisema Eufrasia. "Lihami nao wana watoto."

Kicheko kikakoma. "Nusu ya haki, au nusu ya Lihami?"

"Njoo utazame mwenyewe."

Wakaenda pamoja kwenye kingo. Walivunja tete moja refu, wakapima kina cha mfereji wa kulia na cha kushoto. Wakarudi wakakata cheni ya mlango wa Lihami pia, wakaushusha kidogo, wakapima tena, wakabishana, wakapima. Bi Somoe alilitumbukiza tete mara ya mwisho kwa mkono wake, akalitoa, akalitazama pande zote mbili kabla ya kukubali.

Walipokuwa wakifunga cheni zile kwenye karia ya Eufrasia, kasha likakohoa. Safari hii lilikohoa vibaya, kama mtu anayejaribu jambo ambalo hajalizoea.

"Nia ya leo," lilisema. "Mtunza. Kiwandani. Cheni za mlango. Twakuomba utusikie." Likanyamaza kidogo. "Amina."

Eufrasia alisimama, mkono juu ya tandiko. Sauti ilikuwa ileile, kikohozi chake, silabi za Liberata. Lakini sasa ilikuwa imemgeukia yeye. Hakujua kama kuna kitu ndani ya kasha kilichoumia, au kama mashine ilikuwa imepata tu ufunguo na inaujaribu kwenye kila kufuli. Alitamani kujibu. Tamanio lilikuwa na nguvu na lilikuwa tamu, na aliliogopa kuliko alivyoliogopa lile kasha.

"Usilijibu," alisema Bi Somoe.

"Sijibu."

"Unataka."

"Ndiyo," alisema Eufrasia. "Nataka."

Wakasukuma baiskeli zao nje. Sauti ilitaja nia yake tena nyuma yao, na tena, mpaka mafunjo yakaimeza.

*

Bi Somoe hakurudi kwa njia ya vigae. Alitaka kufuata tuta la mfereji, ayaone maji yakitangulia mbele yake mpaka Ndolela. Alihamisha kapu kurudi kwenye baiskeli ya Eufrasia, lakini pakiti ya dawa aliitia kifuani mwake.

"Hii naipeleka zahanati. Nitasema niliipata wapi. Yule kijana si mwizi."

"Sema. Taja na jina langu."

"Nitalitaja, usijali." Alipanda, akaweka mguu mmoja chini. "Na wewe, utawaambia watu wako? Kwamba ule ushuhuda wote ulitoka kwenye kasha?"

"Nitawaambia."

"Liberata atakuchukia."

"Najua."

"Nitatazama mfereji kila asubuhi," alisema Bi Somoe. "Ukipungua, nitajua kwamba umerudisha cheni." Alisema bila chuki. Kisha akaenda, baiskeli ikiruka juu ya mashimo ya tuta.

Eufrasia alirudi peke yake. Vigae viligonga chini yake, tak, tak, na kila kimoja alihisi kinamngojea. Alikuwa na mengi ya kumwambia Mungu. Alikuwa na hofu ya Jumapili, na aibu ya Bertramu, na kile kidonda kilichofunga kwa dawa ya mtu mwingine. Aliyabeba yote kifuani, kimya, kama mtu abebavyo mayai.

Alipotoka kwenye mafunjo aliwaona. Jumuiya ilikuwa imekusanyika mwanzo wa njia, baiskeli zimepangwa mbilimbili, tayari kwa mashamba. Liberata alikuwa mbele kabisa, juu ya kigae cha kwanza, amesimama kwa mguu wake uliopona.

"Mwenyekiti, umetuacha," aliita. "Tumekungoja. Maji ya mfereji yamepungua ghafla, tumeyaona wote. Tunataka kutaja nia ya maji."

Eufrasia alipita katikati yao bila kusimama. Aliviacha vigae nyuma, akaendelea mpaka udongo ulipokuwa laini, karibu na vidimbwi vya bata, akashuka. Aliegemeza baiskeli kwenye kichaka. Cheni mbili zenye kutu ziliteleza kwenye karia, zikalala kwenye matope, na watu wote wakazitazama.

"Njooni huku," alisema. "Nina neno la kuwaambia, halafu tutasali. Nia ya kwanza ni Ndolela."

"Ndolela?" alisema Kaspari. "Na huko matopeni?"

Walisogea polepole, wakiacha vigae mmoja mmoja, wanawake wakiinua kanga zisilowe. Liberata ndiye aliyebaki mwisho. Alitazama cheni, akatazama uso wa Eufrasia, kisha kigae alichosimama juu yake, na hakushuka.

"Hapa tulipokuwa tunasali tulisikiwa," alisema. "Mguu wangu ni shahidi. Huko matopeni, Eufrasia, una hakika atatusikia?"

Eufrasia alipiga magoti. Matope yalipenya kwenye gauni, baridi, mpaka kwenye ngozi.

"Huku ndiko tutakakojua," alisema, akamnyooshea mkono.